Dakika 50 za Kisumu–Nairobi zilivyonilaza Mlolongo

Ukiuliza mtandaoni Kisumu ni mbali kiasi gani na Nairobi kwa ndege, utajibiwa kilomita kama 280, chini ya saa moja. Jibu hilo si la uongo. Mimi ndiye niliyelisoma vibaya, nikalala Mlolongo, mji mdogo karibu na uwanja wa ndege wa Nairobi, wakati wenzangu wanacheza ngoma ya harusi Mombasa.

Kilomita hizo 280 ni za mstari ulionyooka. Uchore kwenye ramani uone: unapita mashamba ya chai ya Kericho, unavuka msitu wa Mau, unakata Bonde la Ufa kati ya milima ya Longonot na Suswa, kisha JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Basi halina njia hiyo. Linazungukia Nakuru na Naivasha, ndiyo maana barabara inakaribia kilomita 350. Sasa gawanya 280 kwa kasi ya ndege, utapata kama nusu saa. Mbona tiketi ya ndege inasema dakika 50? Kwa sababu saa huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka ilipoegeshwa, si inapopaa, na haikomi mpaka iegeshwe tena. Isitoshe, kwa safari fupi hivi, ndege haijamaliza kupanda vizuri inaanza kushuka.

Lakini hesabu hiyo siyo iliyoniponza. "Nairobi" ya tiketi yangu ilikuwa Wilson, uwanja mwingine wa jiji hilo, na ndege ya Mombasa ilikuwa ya saa kumi jioni, JKIA. Herufi tatu tu zingeniokoa: WIL ni Wilson, NBO ni JKIA. Kwenye ramani viwanja hivyo viwili vimeachana kilomita 12 hivi. Ndani ya teksi, mvua ikinyesha, we acha tu.

Nilitoka nyumbani Maseno saa tano asubuhi. Ndege ilikuwa ya saa saba u nusu, ikachelewa kidogo, na hadi napata begi langu Wilson ilikuwa saa tisa kasorobo. Nilipofika JKIA kaunta ilikuwa imefungwa. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili, nilizonunua mbalimbali, hakuna aliyekuwa na deni langu. Nikanunua nyingine ya kesho yake kwa bei ya kuumiza.

Siku hizi nahesabu kuanzia mwisho: kaunta inafungwa saa ngapi, natoa saa moja ya barabara, natoa nyingine ya mkosi, ndipo naangalia dakika za angani. Nikiweza, nakata safari yote kwa tiketi moja, hata ikizidi bei kidogo. Na Kisumu napenda ndege ya asubuhi, maana mawingu ya ziwa hupenda kukusanyika alasiri.

Binamu yangu alitoka Nakuru saa ile ile niliyotoka Maseno, kwa matatu, akakaa barabarani zaidi ya saa tatu. Nikiwa bado nabishana pale kaunta, simu ililia: amenitumia picha ya bawa la ndege, akiniuliza nimekaa kiti gani.