Ukiletewa ala ya zamani uitengenezee pacha wake

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya ngozi, kutengeneza ala, yaani mfuko wa ngozi wa kuchomekea kisu au silaha, unayoibuni mwenyewe ni rahisi kuliko kutengeneza ya kufanana na nyingine. Ya kubuni ikipinda kidogo hakuna ajuaye. Ya kufanana ina shahidi wake pale pale mezani. Iwe ya kisu, ya sime au mfuko wa bastola wa mlinzi, njia ni ile ile.

Itazame kwanza, na usiifumue. Chungulia ndani ya mdomo na nyuma ya kitanzi cha mkanda, mahali ambapo jua na jasho havikufika. Hapo ndipo utaiona rangi aliyoipaka fundi wa kwanza. Pima unene, ala za visu nyingi zina milimita 3 hadi 4. Halafu weka rula kando ya mshono uhesabu matundu kwenye inchi 1. Jicho la mteja hukamata tofauti ya mshono kabla ya tofauti ya rangi. Ya zamani ikiwa na matundu 7 nawe ukatoboa 5, hata ngozi zikitoka kwa ng'ombe mmoja hazitakuwa pacha.

Tafuta ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama ya miwati inayolimwa Njombe. Ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu, ambayo ukiikata mara nyingi huonyesha kijivu cha bluu katikati, haishiki umbo vizuri, na chumvi zake zinaweza kutia kutu kwenye chuma. Kata sehemu ya mgongo. Ya tumbo hunyumbuka.

Patoni, yaani kielelezo cha kukatia ngozi, ipime kwa kisu chenyewe. Hapa niliumia. Nilichora kwa kuzungusha penseli kwenye ala kuukuu iliyokwisha kutanuka, nikashona siku mbili, na mteja alipoiinamisha kisu kikadondoka sakafuni karibu na mguu wake. Tangu siku hiyo ala ya zamani hunipa sura tu, vipimo navichukua kwenye kisu.

Kati ya kuta mbili, upande wa makali, weka utepe wa ngozi ili makali yasifikie uzi. Shona kwa uzi mmoja na sindano mbili zinazopishana katika kila tundu. Uzi uwe kama mara nne ya urefu wa mshono, uliopakwa nta ya nyuki. Kisha ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, funga kisu kwa nailoni, kichomeke, ubonyeze kwa vidole mpaka umbo litokee. Anika kivulini siku nzima. Juani hukakamaa na kupasuka.

Rangi ndiyo inayowaponza wengi. Ukiifuata rangi ya leo ya ile kuukuu, miezi michache ya mafuta na jua itaifanya mpya iwe nyeusi kuliko mwenzake. Mimi hupaka ile niliyoiona nyuma ya kitanzi, nikiijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, nikisubiri kikauke na kupakwa mafuta ndipo niamue. Siku ya kukabidhi itaonekana changa pembeni ya mwenzake. Mweleze mteja hilo siku anapoleta kazi, kabla hajatoa hata shilingi ya kutangulia, umwonyeshe na kile kipande.