Yaya wa Kadi Anajibu: Chumvi, Malakiti na Vidole

Yaya, ninatengeneza kadi za komunyo na za ndoa nyumbani. Nilisikia chumvi ya jikoni inachora nyota kwenye rangi. Nimeimwaga, imekauka, sioni kitu. Kosa liko wapi? (Mama wa Katuba)

Mama, chumvi yako ni nzima, ni saa tu iliyokupita. Katika kazi hii kila chombo cha nyumbani kina saa yake, na saa hiyo inasomwa kwenye mng'ao wa rangi. Inua karatasi usawa wa jicho, uielekeze dirishani. Ukiona vidimbwi, ngoja, chumvi itayeyuka bure. Mng'ao ukiisha kufifia, umechelewa, rangi haisogei tena. Karatasi inapong'aa yote bila maji kusimama, hapo ndipo pa kunyunyiza, kidogo kidogo, na chumvi ya mawe inafaa kuliko ya unga. Kila chembe inavuta maji pamoja na rangi na kuacha nyota. Rangi iwe ya maji, nyepesi; lateksi ya ukutani na guwashi (rangi ya maji isiyopenyeza mwanga) nzito hazikubali.

Mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi hewa ni kavu, mng'ao unafifia ukiwa bado unafungua kopo la chumvi. Lowesha karatasi kwanza kwa maji matupu, kisha upake sehemu ndogo ndogo. Wakati wa mvua shida inageuka. Acha karatasi usiku kucha, ukung'ute kila chembe, maana chumvi inayobaki hunywa unyevu wa hewa na kadi italoana ndani ya bahasha.

Vyombo vingine navyo vina saa zake. Mfuko wa plastiki uliokunjwakunjwa unataka rangi chepechepe: ulaze juu, usiuguse hadi pakauke, utaacha mishipa mizuri sana. Kitambaa kilichofinyangwa kinataka unyevu tu, unagonga na kuinua. Mswaki mkuukuu, gunzi la mahindi na katoni iliyobanduliwa ganda hadi mawimbi yake yaonekane, hivyo vingoje rangi ya chini ikauke. Tumia brisitoli, yaani karatasi ngumu laini ya kadi, ya gramu 200 au zaidi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 itajikunja. Na nakusihi usipake kadi moja moja. Paka A4 nzima halafu uikate vinne. Mkono unakuwa huru, na vipande vya kutumia utavichagua mwenyewe.

Mjomba wangu anachonga malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari. Naweza kusaga vipande vinavyobaki nipate rangi ya kijani? (Mwanafunzi, Kamalondo)

Hapana, mwanangu. Ni kweli wachoraji wa kale walilisaga jiwe hilo, lakini malakiti ni madini ya shaba na vumbi lake lina madhara ukilivuta. Mwache mjomba achonge, wewe iga mistari ya jiwe hilo kwenye karatasi, kwa uji wa unga wenye rangi na kitana.

Chukua kipimo kimoja cha unga wa ngano na vipimo vitano vya maji. Koroga kwanza kwa maji baridi, weka motoni, endelea kukoroga bila kuacha mpaka uji uwe mzito. Aliyezoea kusonga bukari (ugali) hatapata shida. Chuja, upoe, tia guwashi ya kijani kilichoiva. Karatasi uwe umeipaka kijani hafifu ikakauka. Pitisha sponji yenye unyevu, paka uji, kisha uchane. Kitana cha nywele meno yake yamelingana mno; kata chako kwenye kifuniko cha plastiki, jino nene, jembamba, nene tena, kwa sababu mistari ya malakiti hailingani. Zungusha mkono kuanzia kwenye jicho moja, duara nje ya duara. Kijani hafifu kitachungulia kila jino linapopita. Usipopenda ulichochora, paka tena juu yake, uchane upya. Uji unakupa dakika kadhaa, na hiyo ndiyo sababu ninaupenda kuliko njia zote. Usiuweke siku nyingi, unachacha. Kule Herrnhut, Ujerumani, karatasi za namna hii zilitengenezwa tangu karne ya 18, zikatumiwa kwenye majalada ya vitabu.

Baba watoto anasema kupaka bila brashi ni mchezo wa watoto. Tena maandishi yangu hayasomeki juu ya hayo madoa. Nisaidie. (Dada wa Ruashi)

Dada, mwambie baba watoto kwamba mwaka 1946, katika mji huuhuu ulipoitwa Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Hangar. Bela, mmoja wa wachoraji wake, alipaka kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake vistari vifupi vifupi, na Pilipili Mulongoy hakuiacha nafasi ya nyuma tupu, aliijaza majani na nukta. Ni wakubwa wetu hao, na mimi huwataja kwa heshima.

Kuhusu maandishi, usiandike juu ya madoa. Kata karatasi nyeupe iliyo ndogo kuliko kadi kwa sentimita moja na nusu kila upande, andika humo majina ya maharusi, acha wino ukauke, ndipo uibandike katikati. Gundi iwe kidogo, kwenye kingo tu, na kadi ilale chini ya vitabu vizito mpaka asubuhi.