Barabara Haikuwa Yao

Mhariri, swali lako la wiki hii ni jina gani la biashara lililowahi kuvuma kisha likazimika, na ni kitu gani kilichokiangusha kile kilichokuwa kimesimama. Kwangu mimi jina hilo ni Africa Online, kampuni iliyotuuzia huduma ya intaneti.

Vijana wengi huamini intaneti iliingia Kenya kupitia simu ya mkononi. Sisi tuliokuwa maofisini miaka ya tisini tuliipata kwenye waya wa simu ya mezani. Modemu, kile kifaa kilichounganisha kompyuta na waya huo, ilipiga namba, ikakwaruza, ikapiga miluzi, na tukishaunganishwa hakuna mtu aliyeweza kutupigia. Kwa hiyo baruapepe tuliziandika mapema, tukazilimbikiza, kisha mmoja wetu akaunganisha, akazituma zote kwa mkupuo, akakata haraka. Kila dakika ilikuwa bili.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosomea Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Hawakuiita kwa jina la nchi yao. Waliipa jina la bara zima kabla hata haijamiliki chochote cha maana humo, kisha wakaanza kulistahili: Kenya, Tanzania, Ghana, Côte d'Ivoire, Zimbabwe. Nakumbuka fahari niliyokuwa nayo kuliona jina lile kwenye anwani za watu. Tulikuwa tumezoea mitambo iletwe na wageni, nasi tufundishwe kuibonyeza. Hapa vijana wetu ndio waliokuwa wakitufungulia mlango.

Mwaka 1995 waliiuza kwa Prodigy, kampuni ya mtandao ya Marekani, na wapo wanaosema kosa lilianzia hapo. Sikubaliani nao. Wakati ule ni benki gani ingekubali kukopesha kwa dhamana ya modemu na wateja wasiojua intaneti ni nini? Makatiani aliendelea kuiongoza, na kuenea kwake katika nchi nyingine kulikuja baada ya mauzo hayo, si kabla. Ninachokubali ni kwamba kuanzia siku ile hatima ya jina iliamuliwa mbali. Baadaye ilichukuliwa na kampuni ya African Lakes ya Uingereza, na mwaka 2007 ikawa mali ya Telkom, kampuni ya simu ya Afrika Kusini. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa, lakini wateja walikuwa wanahamia kwenye simu za mkononi. Hatimaye jina lenyewe lilimezwa na lingine, iWayAfrica.

Huo ndio mwisho unaosimuliwa na wengi. Mimi naona jeraha ni la zamani zaidi.

Kampuni za intaneti za Kenya hazikuwa na njia yao wenyewe ya kutokea nje. Lango la kimataifa lilikuwa mikononi mwa shirika la simu la serikali, na kuanzia 1998 lilipitia Jambonet, mtandao mkuu wa intaneti wa shirika hilo. Shirika hilohilo ndilo lililokuwa na laini za mezani ambazo modemu zetu zilipigia. Hebu fikiria biashara ambayo barabara ya kuingia dukani na ya kutoka zote ni za mtu mwingine! Baruapepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili, ikiwa watu hao wawili walihudumiwa na kampuni tofauti, ilirushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo, kisha ikarudi. Gharama ya safari hiyo tuliilipa sisi.

Mwishoni mwa 2000 kampuni hizo ziliungana zikajenga kituo chao cha kubadilishana data, KIXP, ili mawasiliano ya ndani yabaki ndani. Telkom Kenya, lile shirika la simu la serikali, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi msimamizi wa sekta, Tume ya Mawasiliano ya Kenya (CCK), akakifunga. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kilichofungwa hakikuwa kinamnyang'anya mtu chochote isipokuwa haki ya kututoza kwa mzunguko usio na maana.

Kituo kilifunguliwa tena mwaka 2002. Kufikia hapo kampuni za simu za mkononi, Safaricom na KenCell, zilikuwa zinasimamisha minara yao wenyewe.