Notre-Dame bila mnara wa katikati: barua zenu kuhusu picha za bamba la shaba

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Kaka yangu anayeishi Ufaransa amenitumia kalenda ya picha nyeusi na nyeupe za Paris ya zamani, kazi za Charles Meryon, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19. Moja inaonyesha kanisa la Notre-Dame kwa nyuma, mwaka 1854, lakini ule mnara mwembamba ulioanguka kwenye moto haumo. Nyingine, ya daraja, ina puto angani. Picha hiyo hiyo nimeikuta mtandaoni ikiwa na ndege badala ya puto. Mchoraji alikosea, au kalenda yangu ni bandia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kalenda yako ni nzuri na mchoraji hakukosea. Mnara ulioanguka tarehe 15 Aprili 2019 ulijengwa na msanifu majengo Viollet-le-Duc, ukakamilika mwaka 1859, yaani miaka mitano baada ya picha hiyo. Ule uliokuwepo zamani ulikuwa umeshabomolewa mwishoni mwa karne ya 18. Meryon alichora paa kama alivyolikuta. Sisi ndio tuliozoea postikadi zenye mnara.

Habari ya puto ni tamu zaidi, ila picha hizi zimechapwa kutoka kwenye mabamba ya shaba, kwa hiyo kwanza uone bamba linavyofanya kazi. Shaba hupakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami, kisha hufukizwa moshi hadi iwe nyeusi. Mchoraji huchora kwa sindano, na kinachoondoka ni nta tu. Bamba likiingia kwenye tindikali, mistari iliyofunuliwa huliwa, iliyofunikwa husalimika. Likitolewa mapema, mistari huwa ya juujuu na hushika wino kidogo. Ile inayotakiwa kubaki hafifu huzibwa kwa vanishi, bamba likarudishwa, mingine ikaendelea kuliwa. Ndiyo maana anga ya Meryon ni ya kijivu chepesi, na chini ya matao ya madaraja yake kuna giza zito kama masizi. Giza lile ni dakika za tindikali. Baadaye bamba hupakwa wino, uso ukafutwa, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu na vyote vikapitishwa kati ya roli mbili zinazobana kwa nguvu.

Sasa, shaba inakubali kubadilishwa. Unakwangua sehemu usiyoitaka, unaisugua iwe laini, unachora upya. Kwenye bamba la Pont-au-Change, ile picha yako ya daraja, Meryon alianza na puto lililoandikwa Speranza, yaani tumaini. Miaka ilivyokwenda akalifuta, akajaza makundi ya ndege, na baadaye tena akawaondoa ndege na kuweka maputo kadhaa. Karatasi zilizochapwa katika kila kipindi ni halali, kwa hiyo usitafute moja iliyo ya kweli na nyingine za uongo. Ninavyoona mimi, zilizo na puto moja ndizo bora, kwa sababu jicho linapata mahali pa kupumzikia juu ya mto uliosheheni watu na mashua. Lakini hao ndege wanatuambia jambo kuhusu mtu mwenyewe: maradhi ya akili yalikuwa yamemwandama, na mwaka 1868 alifariki katika hospitali ya Charenton. Ukiziweka nakala hizo kwa mpangilio, utaona mji umesimama pale pale, anga ndiyo inayobadilika.

Jua pia kwamba alikuwa baharia kabla ya kuwa mchapaji. Alifika hadi New Zealand na meli ya jeshi la Ufaransa. Hakuweza kutofautisha rangi vizuri, akaacha mafuta na brashi, akahamia kwenye kazi ambayo nyeusi na nyeupe vinatosha. Tumshukuru kwa uamuzi huo.

SWALI: Nasoma usanifu majengo. Mhadhiri wetu amesema picha hizi zinaweza kutumika kama ushahidi wa majengo yaliyobomolewa. Je, niziamini? – Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Ziamini, lakini zihoji. Mfululizo wa Meryon kuhusu Paris ulitoka kati ya 1850 na 1854, na Haussmann, mkuu wa utawala wa Paris, alianza kazi yake ya kuupasua mji huo kwa barabara pana mwaka 1853. Uangalifu wa Meryon unauona katika picha ya mnara mdogo wa nyumba ya mtaa wa Tixéranderie: ulibomolewa 1851, picha ikatoka 1852. Jinsi mawe yalivyopangwa, mimea iliyotambaa ukutani, yote yamo. Mtu asiyelipenda jengo hawezi kuwa na subira ya namna hiyo.

Angalia sasa Le Petit Pont, ya 1850. Minara miwili ya Notre-Dame inapaa juu ya nyumba kuliko inavyoonekana kwa mtu aliyesimama chini ukingoni mwa mto. Meryon aliunganisha mahali pawili pa kutazamia. Alijua kwamba mtu anayetembea Paris huibeba minara ile kichwani hata pale nyumba zinapoificha. Kama unatafuta urefu wa jengo, picha hiyo haikufai. Kama unataka kujua jengo lilivyoutawala mtaa, hakuna kipimo kitakachokueleza hivyo.

Tahadhari nyingine ni kushoto na kulia. Kila kinachochapwa kwenye karatasi hutoka kimegeuzwa, kama uso kwenye kioo. Meryon alichora kinyume kwenye shaba ili mji utoke sawa. Whistler, mchoraji Mmarekani, alipokwenda Venice mwaka 1879, alitembea na mabamba yake, akachora palepale alichokiona, bila kujali. Kwa hiyo Venice yake nyingi imegeuka. Ukitaka kuilinganisha na ramani, itazame kwenye kioo kwanza.

Na lile zimwi lenye pembe, lililoshika mashavu na kutoa ulimi juu ya Paris, katika Le Stryge ya 1853? Wengi hulidhania ni la enzi za kati. Lilikuwa jipya, kazi ya ukarabati wa Viollet-le-Duc. Hapo picha ni ushahidi wa kweli, kosa ni letu tukilitajia umri usio wake.

Nakuomba pia ukae na La Morgue, ya 1854. Ni jengo walimowekwa maiti wasiotambuliwa, wengi wao wameopolewa mtoni. Meryon amelichora kwa usawa wa mistari kama nyumba yoyote, moshi ukitoka kwenye dohani, watu wameegemea ukuta wakitazama, na chini kabisa mwili unabebwa na mwanamke analia. Michoro ya darasani kwenu huonyesha jengo tupu. Huyu alijua jengo lilitumika kwa nini.

SWALI: Nataka kuchora roshani za Mji wa Kale kwa njia hii, lakini mama anaogopa tindikali. Nianzeje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Mama yuko sahihi. Anza bila tindikali: kwaruza moja kwa moja kwenye kipande cha shaba au plastiki ngumu kwa sindano kali. Mistari itatoka na ukungu laini pembeni, unaopendeza sana kwenye vivuli vya mbao. Ukizoea, tumia kloridi ya feri, ile ambayo mafundi wa elektroniki huitumia kuondoa shaba kwenye bodi zao. Haitoi mvuke mkali kama tindikali ya nitriki, lakini vaa glavu na miwani, iweke kwenye chombo cha plastiki, na usiimwage kwenye mtaro, kwa sababu ina shaba iliyoyeyuka. Piga tupa kingo za bamba zilale, la sivyo zitachana karatasi. Chagua roshani moja, bamba lisizidi kiganja, na kama duka la chini lina kibao, andika herufi zake kinyume.