Kivinjari ni cha bure, wenye nacho wanakula wapi?

Swali: Kila kivinjari ninachoweka kwenye simu au kompyuta ni cha bure. Hela wanapata wapi? Au wanauza historia ya kurasa ninazofungua?

Jibu: Hela nyingi inatoka kwenye kile kisanduku cha juu unachoandikia anwani. Jaribu hivi: fungua Firefox kwenye kompyuta, andika neno lolote humo, halafu tazama anwani ya ukurasa wa majibu ya Google. Katikati ya ule msururu wa herufi utakuta kitu kama "client=firefox-b-d". Kwenye Safari, kivinjari cha Apple, utakuta "client=safari". Huo ni mhuri; unaiambia Google mteja huyu kaletwa na nani. Ukibofya tangazo, mwenye tangazo anailipa Google, na aliyekuleta anakatiwa fungu lake.

Na fungu lenyewe ni nono. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilifichuka kwamba Apple hupewa asilimia 36 ya mapato ya matangazo ya utafutaji unaopitia Safari, na kwamba mwaka 2022 peke yake ilipokea dola bilioni 20. Mozilla, wenye Firefox, ndiyo inayonishangaza zaidi. Mwaka 2025 mkuu wake wa fedha aliieleza mahakama kuwa Firefox huleta takribani asilimia 90 ya mapato ya shirika, na asilimia 85 hivi ya hayo hutoka Google, mwenye Chrome. Yaani mshindani wako ndiye anayekulisha.

Chrome haihitaji kulipwa na mtu. Kila anayetafuta kupitia kwake ni mteja aliyefika dukani kwa Google bila dalali.

Wengine wana njia ndogondogo. Opera hulipwa pia kwa baadhi ya vigae, vile visanduku vya kufungulia tovuti unavyoviona kwenye ukurasa wa mwanzo. Brave huonyesha matangazo yake yenyewe, na mwaka 2020 ilibambwa: ukiandika anwani ya Binance, soko la sarafu za kidijitali, kivinjari kinajazia chenyewe msimbo wa kuipatia Brave kamisheni. Waliomba radhi, wakauzima.

Sasa hiyo historia yako. Mimi ningeanza kukagua viendelezi (extensions), vile viprogramu vya ziada unavyoongeza kwenye kivinjari, kabla ya kivinjari chenyewe. Kiendelezi ulichokiruhusu kusoma kila ukurasa kinaona karibu kila unachofungua. Avast, watu wa kinga ya virusi, walikusanya data hizo kupitia viendelezi na programu zao, wakaziuza kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot. Mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliwatoza dola milioni 16.5. Fungua orodha ya viendelezi vyako leo, futa usivyovikumbuka.

Kama hutaki utafutaji wako uingize hela ya Google, badilisha mtambo wa kutafuta kwenye mipangilio. Kivinjari hakitakununia, ila mitambo mingine nayo ina mikataba yake.