Kuogopa kutapika: nilivyorudi kupanda daladala na kula mezani na watu

Kama umewahi kushuka daladala kabla ya kituo chako kwa sababu abiria wa siti ya mbele ameinama na kuziba mdomo, makala hii nimekuandikia wewe. Kama unayanusa maziwa mara tatu kabla ya kuyamimina, unakwepa shughuli kwa kuwaza pilau limepikwa saa ngapi, au miaka inapita hujaenda Zanzibar kwa kuogopa boti, nimekuandikia pia. Na kama ni mama ambaye mwanao akitapika miguu inakupeleka chumba kingine, kisha unajifungia na kulia, soma taratibu. Huna roho mbaya. Unaumwa kitu kinachojulikana na kinachotibika.

Hospitalini kinaitwa emetofobia, na wataalamu wanakiweka kundi moja na hofu ya nyoka, ya sindano au ya kupanda juu. Mara nyingi huanza utotoni, na wanaoonekana nacho zaidi ni wanawake. Ugumu wake ni kwamba nyoka unaweza kuhama njia yake, ila tumbo unatembea nalo. Kila likinguruma, kila ukishiba kidogo, kila jua la Februari likikupiga kituoni, unaona ndiyo saa yenyewe imefika.

Mimi niko nayo tangu shule ya msingi, na kwa hapa Dar kinachochosha kuliko hofu yenyewe ni tafsiri za watu. Mwanamke ukisema unasikia kichefuchefu, wa kwanza atakuuliza una miezi mingapi. Ukikataa chakula msibani unaonekana unaringa au una kinyaa na nyumba ya wenzako. Ukienda zahanati unapimwa taifodi na malaria, kisha unaondoka na dawa za vidonda vya tumbo. Nimezimeza sana hizo, kutoka kwa madaktari tofauti, na hakuna aliyeniuliza naogopa nini. Nimeombewa pia, na waombaji wangu nawashukuru kwa upendo wao, lakini nilipotoka pale bado sikuweza kula mbele za watu. Ramadhani ndiyo ilikuwa nafuu yangu ya mwaka: mchana kutwa hakuna anayeuliza kwa nini huli. Futari ikiandaliwa, mtihani unarudi palepale.

Jambo lililonifungua macho ni hili: hofu yenyewe inaleta kichefuchefu. Mwili ukishtuka unamwaga adrenalini, damu inakimbilia kwenye misuli, na tumbo linapunguza kazi ya kusaga na kusukuma chakula. Ndiyo maana mtu akisubiri matokeo ya mtihani anasema tumbo linamsokota. Sasa mtu wa kawaida akisikia hivyo anaendelea na shughuli zake. Sisi tukisikia tunashtuka tena, adrenalini inaongezeka, tumbo linachafuka zaidi, na huko kuchafuka kunakuwa ushahidi kwamba tulikuwa sahihi kuogopa. Mwanasaikolojia wangu alinichorea mduara huo kwenye karatasi, akaniuliza ni mara ngapi kichefuchefu cha aina hii kimenifikisha kwenye kutapika kweli. Sikukumbuka hata mara moja. Watu wengi wenye hofu hii wanakaa miaka na miaka bila kutapika, na kila siku ya miaka hiyo wanajiandaa kutapika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaouamini kuliko yote hapa: angalia kinga zako. Kinga ni kila unachofanya ili usitapike au usione mtu akitapika. Kukaa mlangoni. Kutembea na ndimu, tangawizi, pipi ya mnanaa na mfuko kwenye pochi. Kuchoma nyama mpaka iwe mkaa. Kumeza kidonge cha kuzuia kutapika kabla ya safari fupi ya Kariakoo. Kumuuliza baba watoto, "Hii mboga haijachacha?", akijibu hapana unauliza tena. Kukagua sura za watoto usiku. Kila kinga inakupa utulivu wa dakika chache, kisha inakuachia imani kwamba bila hiyo ungeumbuka. Nilipoandika zangu kwenye daftari nilijaza kurasa, na nikaona kwamba maisha yangu yalikuwa yamegeuka zamu ya ulinzi.

Hapa mtu wa Dar atauliza swali la haki: na kipindupindu je? Mwaka 2015, mwezi Agosti, kililipuka hapa jijini kisha kikasambaa mikoa mingine, na sisi wenye hofu hii tuliteseka mara mbili. Usafi si ugonjwa. Mpaka niliojiwekea ni huu: nafanya yale wataalamu wa afya wanayoyaagiza kwa kila mtu, siongezi yangu. Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Kwa virusi vingi vya kutapisha na kuharisha sabuni inafanya kazi kuliko vile vitakasa mikono vya spiriti. Chakula kiliwe cha moto. Basi. Kunawa mara ya nne, kumwaga chungu kizima kwa sababu kililala kwenye friji, kukataa kwa jirani kwa kuwa mwanawe aliumwa wiki iliyopita, hayo hayaagizwi na daktari yeyote. Hayo ni ya hofu.

Kuziondoa kinga hakufanywi kwa ujasiri wa siku moja. Matibabu yenye ushahidi mzuri ni tiba ya kisaikolojia inayobadili fikra na mwenendo, na ndani yake kuna kujizoesha kukutana na unachokiogopa kidogo kidogo. Unapanga ngazi. Yangu ilianzia chini sana: kulitamka neno "kutapika" kwa sauti, maana nyumbani kwangu lilikuwa halisemwi. Kisha kuliandika. Kisha picha za kuchora, picha halisi, sauti bila picha, video. Kwenye kila ngazi unakaa hadi inapoanza kukuchosha badala ya kukutisha, ndipo unapanda.

Ngazi iliyonisaidia zaidi itakushangaza. Tulitengeneza matapishi ya uongo: uji mzito, maharage yaliyopondwa, siki kidogo ya kuleta harufu. Niliyamimina chooni mwenyewe, nikayatazama, nikayafuta sakafuni kwa tambara. Mikono ilitetemeka na nililia. Nilirudia wiki ile na iliyofuata, mpaka ikawa kazi ya nyumbani kama kudeki. Tulifanya pia mazoezi ya kuuchokoza mwili: kuzungushwa kwenye kiti cha ofisini hadi kizunguzungu, kunywa maji mengi kwa mkupuo mpaka tumbo lijae, halafu kukaa na hali ile bila kukimbilia ndimu. Zingatia: hakuna aliyenilazimisha nitapike, na wewe usijitapishe. Tiba haihitaji hilo, na kujitapisha kunaumiza koo na meno na kunaweza kukuingiza kwenye tatizo jingine.

Tukija kwenye daladala, kwa sababu najua hapo ndipo wengi mmekwama. Mimi natumia zinazotoka Segerea kwenda Kariakoo, na foleni ya Buguruni saa ya kutoka kazini unaijua: joto, watu wamebanana, dizeli, mtu kafungua samaki wa kukaanga. Kabla ya kupanda niliandika utabiri kwenye lile daftari: "Nikikaa siti ya nyuma dirishani hadi Ilala, nitatapika." Nikishuka naandika kilichotokea. Usiandike ulivyojisikia tu, andika kilichotokea. Kujisikia vibaya kulikuwepo safari nyingi. Kutapika hakukuwepo. Anza saa ambayo gari halijajaa, vituo vichache, uko na mtu, kisha peke yako, kisha jioni. Ukishindwa kituo fulani na kushuka, panda linalofuata siku hiyohiyo ikiwezekana, hata kwa kituo kimoja, kusudi siku isiishe na hofu ikiwa na neno la mwisho.

Boti ya Zanzibar ni jambo jingine, kwa sababu pale kichefuchefu kinaweza kuwa cha kweli kabisa. Sikio la ndani linahisi mwili unayumba, macho yaliyo kwenye simu yanaona umetulia, ubongo unachanganyikiwa. Kaa katikati ya chombo, tazama mbali bahari inapokutana na mbingu, usisome. Miezi ya kusi bahari huchafuka zaidi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza chagua kipindi cha utulivu na usijisikie vibaya kwa hilo. Wahudumu watapita wakigawa mifuko, na kuna atakayeutumia karibu yako. Niliuona mkono wangu unakwenda masikioni, nikaurudisha mapajani. Mama aliyekuwa karibu yangu alitapika, akajifuta, akachukua maji, akaendelea kuongea na mwenzake kuhusu bei ya vitambaa Darajani. Ilikuwa imeisha. Mimi niliyekuwa nahesabu ajali ya maisha nilibaki nikimtazama jinsi alivyolichukulia jambo lenyewe jepesi.

Watoto. Mtoto akitapika huhitaji kuwa shujaa, unahitaji kuwepo. Nilianza kwa kusimama mlangoni nikiongea naye, baba yake akifuta. Baadaye nikashika mgongo. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, pakiti moja kwenye maji safi kiasi kilichoandikwa, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika subiri kama dakika kumi, uanze tena polepole. Akilegea, akishindwa kunywa kabisa, macho yakibonyea au mkojo ukikauka, mpeleke hospitali. Kuwa na kazi ya mikono kunasaidia mno, na utaalamu huu mdogo ulinipa mimi nguvu kuliko maneno ya faraja.

Kwa dada zangu mnaoahirisha kuzaa kwa ajili ya hili: nawaelewa, na si upuuzi. Wajawazito wengi husikia kichefuchefu miezi ya mwanzo, wengine hawatapiki kabisa, na kwa walio wengi hupungua kufikia katikati ya mimba. Kuna dawa salama za wajawazito. Ni heri uanze tiba ya hofu kabla, kisha mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki, asije akadhani unadeka.

Dawa za hofu zipo pia. Daktari wa akili anaweza kukuandikia dawa za kundi la sertralini, na nakuambia mapema ili usizitupe: siku za mwanzo zinaweza kuleta kichefuchefu, ambacho kwa kawaida hupungua kadiri mwili unavyozoea. Mwambie daktari unaogopa nini, aanze na kipimo kidogo. Na usifikiri kila kichefuchefu ni hofu. Ukipungua uzito, ukitapika damu, au tumbo likiuma sana, hilo ni la daktari wa mwili haraka. Ukiwa umeacha kula kiasi cha kudhoofika, au unawaza kwamba heri usiwepo, usisubiri miadi, nenda leo.

Kwa mnaoishi na mtu wa namna hii: msimcheke, wala msimwigizie kutapika mezani. Lakini pia msimjibu kila anapouliza kama chakula ni salama. Kubalianeni jibu moja akiwa ametulia. Kwetu baba watoto husema, "Hilo tulishaongea," na anaendelea kula. Siku za mwanzo nilikasirika. Ni msaada mkubwa kuliko yote alionipa.

Pa kuanzia: nenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala, uombe kuelekezwa kwenye huduma za afya ya akili, au Muhimbili. Usiseme "tumbo linanisumbua", utarudishwa kwenye vipimo vilevile. Sema: "Naogopa kutapika kiasi kwamba sili vizuri na sisafiri, nataka kuonana na mwanasaikolojia." Nenda na daftari lenye orodha ya kinga zako, hata kama imeandikwa vibaya. Litamsaidia ajue pa kuanzia nawe.