Wasomaji Wanauliza: Nitie Nanga Wapi Nilale Salama?

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina boti ya mbao ya mita 8, injini ya farasi 15, napeleka bidhaa za duka Kome na visiwa vingine vya jirani. Giza hunikuta njiani mara kwa mara. Naomba mnitajie sehemu tulivu za kutia nanga na kulala bila kulipia.
*Msomaji wa Kayenze*

Majina tutakutajia, ila jina peke yake linaweza kukuponza. Hakuna ghuba iliyo tulivu kwa kila upepo. Kila moja inakinga pepo fulani na kuzipokea nyingine, na huku kusini mwa Ziwa Victoria upepo wa kawaida hugeuka mara mbili kwa siku. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo hutoka ziwani, yaani kaskazini au kaskazini-magharibi, na hukaza alasiri. Usiku nchi kavu ikipoa, upepo hugeuka ukatoka barani, kusini na mashariki, hadi asubuhi. Wengi hufika saa kumi na mbili jioni, wakajificha na upepo unaowapiga saa ile, wakalala. Saa nane usiku wanaamshwa na mawimbi, boti imegeukia ufukweni na miamba iko nyuma ya injini. Chagua mahali kwa kufikiria upepo wa usiku unaokuja.

Chukua Nyegezi na Butimba, upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza. Bara liko mashariki yake, kwa hiyo upepo wa usiku unapita juu yako bila kupata maji ya kuinua wimbi. Tatizo la hapo ni jioni, wimbi la kaskazini-magharibi linapoingia. Sogea nyuma ya rasi ya upande wa kaskazini mpaka lipoe, na ukipata nafasi nzuri baki hapo hapo. Upande wa Sengerema ni kinyume: jioni shwari, usiku upepo wa mashariki unakufikia baada ya kuvuka maji yote. Hata hivyo si jambo la kutisha sana, kwa sababu ghuba ina upana wa kilomita 2.5 hadi 11 tu, na wimbi linahitaji umbali ili likue. Linalotisha ni upepo wa kaskazini unaoshuka kwa urefu wa ghuba, ambao ni kama kilomita 60. Ndiyo maana kijipembe nyuma ya rasi ni bora kuliko ufukwe mpana unaotazama kaskazini, hata kama huo ufukwe unaonekana mzuri machoni.

Visiwa vina faida kwamba unaweza kuzunguka ukaenda upande mwingine. Ukilala Kome, amua mapema utahamia upande gani upepo ukigeuka, na uipite njia hiyo mchana angalau mara moja ujue miamba iko wapi. Nansio ina soko na mafuta, lakini inatazama kusini, kwenye Ghuba ya Speke iliyo wazi. Upepo wa kusini ukikaza, boti ndogo itatikiswa usiku kucha.

Upepo wa tatu ni wa dhoruba, nao hauheshimu ratiba yoyote. Ziwa hili hupata radi nyingi zaidi usiku wa manane hadi asubuhi, na upepo wa mvua hutangulia mvua yenyewe ukitokea kwenye wingu. Ukiona umeme unapiga upande mmoja kwa muda mrefu, hesabu kwamba upepo mkali utatoka huko, haijalishi sasa hivi unavuma wapi. Sikiliza utabiri wa ziwa wa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kabla ya kung'oa nanga, hasa masika, Machi hadi Mei, na vuli.

Ukishapata mahali, pima kina. Bildi haina gharama: kamba nyembamba yenye fundo kila mita, na chuma cha nusu kilo mwishoni. Chini ya chuma hicho bandika sabuni ya mche iliyolainishwa. Ukiinua, sabuni itakuja na mchanga, au tope jeusi, au itarudi safi ikiwa na mkwaruzo, maana yake ni mwamba. Tafuta mita 3 hadi 5 zenye mchanga au tope. Usipime mahali pamoja tu, zunguka duara lote ambalo boti itageukia. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, kuna visiki na misingi ya nyumba iliyozama ambayo macho hayaioni.

Kuna mahali pa kuacha kabisa: maji ya hifadhi za Saanane na Rubondo bila kibali, jirani na mabomba ya vyanzo vya maji vya Capri Point na Butimba, njia ya kivuko cha Kamanga, nguzo za daraja la Kigongo–Busisi, na maeneo yaliyotengwa kuwa mazalia ya samaki. Kwenye mazalia hata usipotupa wavu, doria ikikukuta usiku utakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

SWALI: Natumia jiwe la kilo 20 kama nanga. Upepo ukizidi kidogo boti inalikokota. Niongeze jiwe la pili?
*Mvuvi, Igombe*

Hapana, badilisha nanga. Jiwe la aina ya miamba yetu likizama, maji hulibeba na la kilo 20 hubaki na uzito wa kilo 12 na ushee. Kiroba cha mchanga nacho hupungua uzito majini. Tena jiwe halijichimbii. Nanga halisi hushika kwa kuzama ardhini, uzito wake kazi yake ni kuifikisha chini.

Tope laini limejaa sehemu kubwa ya Ghuba ya Mwanza, na hapo nanga ya makucha manne hupita kama uma kwenye uji. Inayofaa ni ya mabapa mawili mapana yanayojikunja. Kwa boti ya mita 7 au 8, chukua ya kilo 10 hadi 12. Kati ya nanga na kamba weka mnyororo wa milimita 8, urefu wa mita 6 au zaidi. Mnyororo unalala chini na kufanya mvuto uwe wa kuburuta kimlalo. Ukiondoa mnyororo, kamba huinyanyua nanga kwa juu, ikang'oka. Pingu inayounganisha mnyororo na nanga, funga pini yake kwa waya, kwa sababu mtikisiko wa usiku mmoja unatosha kuilegeza.

Kamba iwe ya nailoni ya kusokotwa, milimita 12, mita 50. Nailoni hunyumbuka wimbi linapovuta, na huzama. Ile ya plastiki ya rangi inayouzwa kwa bei nafuu huelea, ikakatwa na panga za injini, na jua huifanya ikatike ovyo.

Urefu wa kuachia ndipo wengi wanapokosea. Chukua kina cha maji, ongeza urefu wa omo, yaani mbele ya boti, kutoka majini, halafu zidisha. Maji mita 4 na omo mita 1 ni 5. Mchana kukiwa shwari na wewe upo, mara 5, yaani mita 25. Usiku mara 7, mita 35. Dhoruba ikija mara 10, mita 50, yaani karibu kila ulichonacho. Mnyororo umo kwenye hesabu hiyo. Kumbuka kwa zile mita 35 za usiku boti itazunguka duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 43 ukijumlisha urefu wake, kwa hiyo mawe na boti za wenzako ziwe nje ya hapo.

Namna ya kutia ni hii. Elekeza omo kwenye upepo, simama, na ishushe nanga kwa mkono mpaka iguse chini. Ukiirusha, mnyororo huangukia juu yake na kujisokota kwenye mabapa. Iache boti irudi nyuma yenyewe huku ukiachia kamba. Ukifika kama mara tatu ya kina, zuia kidogo ili mabapa yaume, kisha achia iliyobaki na ufunge. Kwenye tope subiri dakika kumi izame. Halafu rudisha nyuma kwa injini, taratibu kwanza, kisha nguvu kiasi kwa nusu dakika, kiganja kikiwa juu ya kamba. Kamba ikikaza na kutulia, imeshika. Ukisikia inatetemeka na kurukaruka, inakokota. Inua uanze upya. Mara nyingi utakuta bonge la majani kwenye mabapa, na nanga yenye majani haishiki hata uirudishe mara ngapi bila kuisafisha.

Ikishashika, tafuta alama mbili za nchi kavu zilizopangana, mfano jiwe la ufukweni na mti ulio nyuma yake, na jozi nyingine ubavuni. Angalia tena baada ya dakika ishirini. Jozi zote mbili zikiachana na zikaendelea kuachana, unasogea. Upepo ukigeuka boti nayo hugeuka na alama huhama, hapo pima tena kwanza kabla ya kuogopa. Pale kamba inaposugua ukingo wa omo, ivalishe kipande cha mpira wa bomba uliochanwa.

SWALI: Nanga yangu ilinasa kwenye mawe ikabidi nikate kamba. Kuna njia ya kuepuka?
*Msomaji, Kirumba*

Ipo, nayo hufanywa kabla ya kuitosa. Kwa mawe tumia nanga ya makucha ya nondo, ambayo fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuitengeneza: nondo nne za milimita 12 kwenye bomba. Ikinasa, ukivuta kwa nguvu nondo hunyooka na nanga hutoka, kesho unazikunja tena. Mnyororo ufunge chini kabisa, upande wa makucha, kisha uulaze kwenye mti wa nanga, yaani lile bomba, na kuufunga juu kwa uzi dhaifu. Upepo wa kawaida haukati uzi huo. Ikinasa, simama wima juu yake, vuta kwa nguvu, uzi unakatika na nanga inavutwa kinyumenyume ilikoingilia. Ila uzi unaoweza kuukata wewe, dhoruba pia inaweza kuukata, kwa hiyo njia hii ni ya mchana au ya usiku ambao kuna mtu macho.

Kwa kulala, ni heri kamba ya pili: funga kwenye makucha kamba nyembamba iliyozidi kina kwa mita 2, na boya dogo juu. Ikinasa unainua kwa boya.

Usizamie kuinasua kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Hapo ndipo konokono wa kichocho wanapokaa, na vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Mamba nao wapo. Aliyekwisha kuingia aende akapimwe, dawa ipo.

SWALI: Tulilala ghuba shwari kabisa, asubuhi tukajikuta tumezungukwa na magugu maji hadi ufukweni. Tufanyeje ikitokea tena?
*Dada wa Ukerewe*

Dada yetu, magugu hufuata upepo na kujikusanya mwisho wa ghuba, palepale panapoonekana patulivu zaidi. Kaa karibu na mdomo wa ghuba, nyuma ya rasi, pasipo na mabaki ya magugu yaliyokaukia ufukweni. Mabaki hayo ni ushahidi kwamba yanapapenda.

Hatari kubwa ni kamba. Shuka zima la magugu likiiegemea kamba, nanga inang'oka hata kama ilikuwa imeshika sawasawa. Ukiona yanakuja, hama mapema. Yakishakuzunguka, usiwashe injini katikati yake: majani huziba tundu la maji ya kupoozea na injini huchemka. Inyanyue, jisukume kwa pondo, yaani mti mrefu, na mara nyingi upepo ukigeuka yataondoka yenyewe. Usifunge boti kwenye mafunjo kwa sababu kipande kizima huweza kumeguka na kuondoka nawe. Pia usizibe uwazi uliokanyagwa kwenye matete. Ni njia ya kiboko, na hutoka usiku kwenda malishoni.

SWALI: Nililala nanga mbele ya mwalo mmoja wa kushushia samaki, akaja mtu akanidai hela bila risiti. Ni halali?
*Mfanyabiashara, Sengerema*

Mwalo una wenyewe: kuna BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, na halmashauri hukusanya ushuru wa shughuli zinazofanyika pale. Ukishusha samaki au mzigo, lipa, na upewe risiti ya mashine. Pasipo risiti, mwombe akupeleke ofisini. Kama unalala tu, kaa mbali kidogo na mwalo, lakini jitokeze kwa viongozi wa BMU kabla ya giza. Wanakujua, hawakudhanii mwizi wa injini, na wana macho usiku. Heshima hiyo hailipiwi.

Usijenge kibanda wala gati la kudumu ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tena angalia mwezi: siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haiendi kuvua, mialo hujaa, na mahali palipokuwa na nafasi wiki iliyopita hapatakuwa nayo.

SWALI: Nikilala nanga lazima niwashe taa?
*Msomaji, Musoma*

Washa. Boti iliyotia nanga huonyesha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, kwa boti zetu ndogo ionekane umbali wa maili 2 za majini. Boti zisizofika mita 7 zimesamehewa zikiwa nje ya njia za vyombo na maegesho, lakini anayekuja kwa kasi saa tisa usiku hajui urefu wa boti yako. Balbu ya sola juu ya mti wa mita 1.5 inatosha. Usiiweke chini, itafanana na taa za dagaa zinazoelea, na mwenye chombo ataikwepa kidogo tu akidhani ni boya. Tochi iwe karibu na mkono. Ukisikia injini inakaribia, mulika ubavu wa boti yako mwenyewe. Ukimmulika usoni, haoni tena kilicho mbele yake.